Nilivyouza asali ya Tabora bila kuiita dawa

Nianze na lebo, maana ndiyo iliyonigombanisha na watu. Lebo yangu inasema: asali ya misitu ya Sikonge, ujazo, mwezi iliyorinwa, na onyo kwamba asilambishwe mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Basi. Hamna nguvu za kiume, hamna kuondoa sumu mwilini, hamna kuyeyusha kitambi. Na mzigo unaisha. Nalisema hili kwa kuringa kidogo kwa sababu niliapiwa kwamba hautaisha.

Aliyeniapia ni kijana mmoja aliyeletwa kutufundisha ujasiriamali, sisi akina mama wa kikundi. Suti, projekta, maji ya chupa. Akaishika asali yangu, akaigeuza geuza, akaniuliza, "Mama, hii inatibu nini?" Nikamjibu inatibu mkate mkavu. Wenzangu wakaangua kicheko, yeye hata hakutabasamu. Akasema siku hizi mteja hanunui chakula, ananunua afya. Tazameni mbegu za chia zinavyouzwa, tazameni unga wa mlonge. Nikashauriwa niandike "asali tiba", nishushe orodha ya magonjwa kuanzia vidonda vya tumbo mpaka kisukari, na nikitaka wateja wenye pesa wa Masaki, Dar, niiite "Manuka ya Tabora".

Manuka! Huo ni mti wa New Zealand. Asali yake ina kemikali inayoitwa methiliglioksali kwa wingi usio wa kawaida, na hiyo ndiyo inayoua bakteria. Hospitalini asali ya namna hiyo hutumika ikiwa imeuliwa vijidudu kwanza, tena hupakwa kwenye kidonda, haitiwi kwenye chai. Wenyewe New Zealand tangu 2018 hawaruhusu asali isafirishwe nje kwa jina hilo mpaka maabara ione viashiria vinne vya kemikali pamoja na vinasaba vya chavua ya mti wenyewe. Sasa mimi ambaye nyuki wangu wanahangaika na maua ya mitundu na miyombo, hiyo chavua nikaazime wapi? Na ukishaandika kwamba chakula kinatibu, umeingia mlango mwingine kabisa. Chakula ni cha TBS, shirika la viwango, dawa ni za TMDA, mamlaka ya dawa, na mimi sina nguvu za kuwakimbia wote wawili.

La kisukari ndilo lililonichefua zaidi. Kuna mzee wa Isevya, mteja wangu wa siku nyingi, alikuja akitaka dumu zima. "Shikamoo baba, una shughuli?" Hana shughuli, kaambiwa asali ya nyuki haipandishi sukari, ajinywee tu asubuhi na jioni. Nikamkalisha. Asali ni sukari, baba. Katika kila gramu mia, kama themanini ni sukari, na karibu yote iliyobaki ni maji. Kijiko kikubwa kimoja kinabeba kama gramu 17 za sukari. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2015 limeiweka sukari ya asali kapu moja na ya dukani, na linapendelea mtu mzima asizidi kama gramu 25 kwa siku, zote zikijumlishwa. Na huyo ni mtu mzima asiyeumwa. Mzee akaondoka na chupa ndogo ya wajukuu, na kunung'unika juu. Nilipoteza pesa ya dumu siku ile, tena ilikuwa wiki ya ada.

Sisemi asali haina lake. Kikohozi cha mtoto aliyevuka mwaka inakituliza. Watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walizipitia tafiti mwaka 2018 wakakuta inasaidia kuliko kutompa kitu. Chini ya mwaka, hapana, hata kidoleni. Humo huweza kuwamo mbegu za bakteria wa botulizimu, na utumbo wa mtoto mchanga hauna uwezo wa kuwazuia. Bibi zetu watanisamehe.

Lakini niwape kisa cha kiberiti, maana hicho nakipenda.

Pale stesheni abiria wakishuka kunyoosha miguu, kila mmoja ni mkaguzi wa asali. Huyu anaomba glasi ya maji aone kama tone litazama bila kutawanyika. Huyu anadondoshea mchangani aone kama litajiviringa. Huyu, na ndiye mbaya zaidi, anachovya njiti ya kiberiti kwenye asali yangu, anaifuta kidogo na kuiwasha. Ikikataa, mimi ni mwizi. Nilitukanwa weee mpaka nikasema ngoja.

Nikapika shira. Sukari ya dukani, maji kidogo, ndimu nikakamulia ili isirudi chembechembe, moto mdogo mpaka ikavutika na kupata rangi ya asali ya kwanza. Ikipoa nikatia kijiko cha asali kwa ajili ya harufu. Nikaijaza kwenye chupa zilezile ninazouzia, nikaweka alama ya chaki chini ya kitako, nikabeba na chupa za asali yangu ya kawaida, na moja ya asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma. Nikaenda nazo sokoni siku ya watu wengi, nikawaita wale wajuzi wakubwa, wale wanaojua kila kitu. Jamani, moja ya hizi ni feki. Ipateni.

Glasi: shira ikazama kama jiwe, asali ikazama nayo. Mchanga: zote zikajiviringa. Kiberiti: njiti zikawaka zote, moja ikawaka haraka kuliko nyenzake, na ilikuwa ya shira. Baba mmoja mwenye baraghashia akatangaza kwamba hakuna haja ya kubishana, sisimizi ndio waamuzi, asali halisi hawaigusi. Tukadondoshea ukutani. Sisimizi wa Tabora hawana ubaguzi, walikula kote kote.

Kisha nikamimina ya nyuki wadogo. Ikatawanyika majini, mchangani ikanywewa, kiberiti kikalowa na kugoma. "Hii ndiyo feki!" wakapiga kelele. Nikawaambia hii ndiyo mnayoitafuta mitaa yote, mnayoinunua mara tatu, mara nne ya bei ya ile nyingine, mkisema ndiyo dawa ya dawa. Nyuki wadogo asali yao ni nyepesi kwa asili, maji hupita asilimia 20, mara nyingi hufika 25 na zaidi, na ina uchachu. Kiberiti kitawakaje? Nikazigeuza chupa wakaiona chaki. Yule wa baraghashia alinunua lita nzima, akaniomba na maelezo ya kupika shira, nikamnyima. Ile iliyobaki niliimalizia kwenye juisi ya ukwaju ya watoto.

Ninavyonunua mimi: namjua anayerina, nakijua na kijiji chake. Ndoo naipima kwa mizani, maana lita moja ya asali nzuri ina kilo 1.4 hivi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 isipofika kilo 28 au karibu yake kuna maji ndani. Kile kidude cha kuchungulia asilimia ya maji tumenunua kikundi kizima, laki na kitu nadhani. Viwango vya kimataifa vya Codex vinataka maji yasizidi asilimia 20, na ikizidi hapo inachacha kabatini kwa mteja. Ila msidanganyike, hata kidude hakiitambui shira nzito. Ndiyo maana nasema mjue anayerina.

Nyeusi si lazima iwe kali zaidi, ingawa wauzaji wengi watakuapia. Nyingine ni maua yake, nyingine ni moshi wa mtu aliyerina kwa kuchoma mzinga. Inuse, utaupata moshi. Ikiganda usiitupe wala usimtukane aliyekuuzia: weka chupa kwenye maji ya vuguvugu, usiichemshe.

Wateja wa Dar nawatumia kwa basi. Usijaze chupa mpaka shingoni, njiani kuna joto na kofia itavuja kwenye begi la mtu, na kondakta atakupigia simu usiku. Kijana wa projekta nasikia yuko mkoa mwingine. Asali ya nyuki wadogo kwa sasa sina, aliyekuwa akiniletea kasema viota vya mwaka huu ni vikavu, kwa hiyo msinipigie kuiulizia mpaka niseme.