Nilivyosafiri na baba asiyeona, na spika ndogo kando ya mto wake

Baba yangu ana presha ya macho, ule ugonjwa ambao madaktari huuita glakoma. Jicho la kulia lilizimika kabla hatujajua kwamba anaumwa. La kushoto limebaki na mwanga na vivuli, na hicho kilichobaki ndicho tunachokilinda kwa dawa ya matone na kwa kwenda kupimwa Dar es Salaam kila baada ya miezi michache. Sisi ni wa Tukuyu, mkoani Mbeya. Safari ya kwanza tulipanda basi, magoti yakamshinda na kujisaidia njiani kukawa taabu. Tukahamia treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ambako mzee wa miaka 72 anaweza kujinyoosha kitandani na kusimama anapotaka.

Magoti yakapata nafuu, lakini usiku ukawa mrefu. Mimi nikichoka natazama dirishani, nasoma simu, naangalia nani kashuka stesheni gani. Yeye hana dirisha. Nyumbani ana redio yake, ana jogoo wa jirani, ana mlango wa jikoni anaoujua unavyolia. Ndani ya behewa kunamjia mgurumo tu, saa baada ya saa. Safari ile ya kwanza ya treni alikaa macho usiku kucha ameshika ukingo wa kitanda, na asubuhi hakuniambia neno lolote mpaka tulipofika.

Safari iliyofuata nilibeba hedifoni. Nilimvalisha, nikamwekea hotuba anayoipenda, nikajisifu moyoni. Hazikupita dakika tano akazivua. Nikamuuliza kama zinambana.

"Mwanangu, macho yamekwenda," akasema, "sasa unaniziba na masikio?"

Niliona aibu, kwa sababu nilikuwa nimeishi naye miaka yote hiyo bila kulielewa jambo hilo. Masikio ndiyo yanayomwambia nani kaingia, nani katoka, zipu ya begi letu imefunguliwa na nani, mimi nipo kitandani juu au nimetoka kwenda korido. Kumvalisha hedifoni ni kumfungia mlango wa mwisho. Kama una mzee asiyeona nawe unapanga kumnunulia hizo, kaa naye kwanza umuulize.

Kwa hiyo ilibidi iwe spika, sauti iliyo nje ya sikio, inayoingia pamoja na sauti nyingine zote. Ila chumba cha daraja la pili kina vitanda sita, na wenye vitanda vinne wamelipa nauli kama sisi. Hilo ndilo lililonihangaisha: sauti imfikie mzee wangu, isiwafikie wao.

Nilijaribu simu yenyewe nikakosea. Kispika cha simu kina sauti nyembamba na kali. Ukiipandisha ishinde treni inakuwa kero kwa kila mtu, na baba hakuwa akiyashika maneno. Kisha nikaazima spika ya shemeji, ile ndefu kama thamosi, yenye besi ya kutikisa kifua. Ikawa mbaya zaidi. Mgurumo wa magurudumu na wa behewa ni sauti nzito, na besi ya spika nayo ni sauti nzito, zinapandana humo humo. Besi ndiyo inayopenya ukuta ikaenda chumba cha pili, na ndiyo inayomaliza chaji. Maneno ya mtu hayakai huko chini. Sehemu kubwa ya yale tunayoyatumia kuelewana iko kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3,000 na ushei, na konsonanti kama s, f na sh ziko juu zaidi. Sauti hizo za juu ndizo sikio la mzee hupoteza kwanza. Nilikuwa nampa baba kile asichokihitaji na kumnyima kile asichokisikia.

Mwisho nilinunua Kariakoo kispika cha shilingi 25,000, kinaenea kwenye kiganja. Kina Bluetooth, redio, na tundu la memori kadi. Muuzaji alinipa pole, akanionyesha kikubwa cha bei zaidi. Nikakataa, na mpaka leo nafurahi nilikataa, kwa sababu nilikuwa nimeshajua kwamba nahitaji sauti ya karibu, sio sauti kubwa. Mahali pa wazi, kila unapopunguza umbali kwa nusu, sauti inapanda kwa desibeli 6 hivi; desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti. Spika ikiwa mita 1.2 kutoka sikioni, ukaisogeza hadi sentimita 15, umepata desibeli kama 18 bila kugusa kitufe. Chumba cha behewa si mahali pa wazi, hivyo hesabu haitimii yote, lakini utaisikia kwa sikio lako. Na kadiri unavyoisogeza kwake ndivyo unavyoweza kuipunguza kwa wengine.

Mahali pa kuiweka palinichukua safari nzima kupajua. Kwenye kimeza cha dirishani ilifanya kimeza chenyewe kilie kama nyuki. Ikiegemea ukuta, ukuta unaimba na mwenye kitanda cha upande wa pili anaamka. Nilichofanya ni kukunja kikoi mara nne, nikaiweka juu yake kando ya mto, uso wake ukitazama sikio, na kamba yake nikaifunga kwenye kifundo cha mkono wa baba ili behewa likiyumba isibingirike chini ya kitanda. Sikuifunika. Wengi huifunika kwa nguo wakidhani wanapunguza kelele, kumbe kitambaa hukata hizo sauti za juu zinazobeba maneno.

Bluetooth niliiacha mapema. Mawimbi yake hayapendi mwili wa mtu, kwa kuwa miili yetu ina maji mengi. Mimi nikilala juu na simu mfukoni, akasimama mtu katikati, sauti inakatika-katika na baba anadhani ameharibu kitu. Redio nayo hupotea mkishaingia porini. Memori kadi haina habari na mambo hayo, na simu yangu inabaki na chaji ya kuwapigia wenyeji wetu kesho yake.

Sasa kadi yenyewe. Nilitaka asikie watu wake, kwa hiyo nilimwomba mama, dada na wajukuu watume sauti kwa WhatsApp. Mama alizungumza dakika 11 kuhusu ng'ombe, migomba na jirani aliyehamisha mpaka. Nikazinakili kwenye kadi, spika ikazipita zote kama hazipo. Spika za aina hii nyingi husoma MP3, na sauti za WhatsApp haziko hivyo. Nilizipeleka kwa kijana wa kibanda cha kuweka nyimbo, akazigeuza zote kwa nusu saa. Nikamwomba pia ashushe besi kwenye kila faili na apandishe kidogo za juu, kwa sababu spika yenyewe haina mahali pa kurekebisha. Tofauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyotegemea. Jambo jingine: yangu haifuati majina ya mafaili, inafuata mpangilio yalivyoingia kwenye kadi. Nilifuta yote nikaanza kunakili moja moja, mama wa kwanza, wajukuu wa pili, kisha hotuba, zilipendwa mwishoni.

Vitufe vyote vitano vilikuwa laini, vinafanana kwa kidole. Nilidondosha tone la supa gluu juu ya kitufe cha kusimamisha, likakauka likawa kijipele. Baba alikipata mara ya kwanza bila kuelekezwa, akasimamisha, akaendeleza, akasimamisha tena. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa funguo za nyumba yake. Taa ya buluu inayometameta niliibandika plasta, maana yeye haioni lakini wenzetu wanaiona. Usumbufu uliobaki ni yule dada wa Kiingereza anayepaza sauti ndani ya spika kila ukiiwasha. Hana kitufe cha kumpunguza. Tunamaliza habari naye kabla watu hawajalala, na baada ya hapo baba hazimi, husimamisha tu. Akikaa kimya muda mrefu hadi ikajizima yenyewe, naiwashia chini ya mto.

Chaji ilinitisha bure. Betri yake ni ya mAh 1,200 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), na nilibeba pawabenki ya 10,000, ambayo ukiondoa kinachopotea njiani inatoa kama 6,000 na kidogo. Hiyo ni kuijaza spika mara tano hivi. Hatukuvuka mara mbili.

Na kabla ya yote hayo, tukishaketi, mimi husimama na kuomba. "Shikamooni wazee wangu, habari zenu ndugu zangu. Mzee wangu haoni, usiku husikiliza kidogo kwenye kispika hiki. Kikimkera yeyote, aniguse mguu tu, nitazima." Sijawahi kukataliwa. Safari ya tatu tukiwa na kispika hiki, mzee mmoja wa kitanda cha jirani alimsikia mama akieleza habari za mpaka, akaomba arudishiwe pale pale alipoanza, na mimi nikalala nikiwaacha wawili hao wakimhukumu jirani yetu.

Usiku huo huo, baada ya Makambako, nikaamshwa na ukimya. Spika ilikuwa imesimamishwa. Nikainama kumtazama, nikakuta kakaa, mkono mmoja kwenye ukuta wa behewa.

"Subiri," akasema. "Linakuja."

Treni ikaingia handakini. Sauti ya magurudumu iliyokuwa ikitawanyika nje ikaturudia yote kwa mara moja, nzito, karibu, kisha ikafunguka tena tukatoka. Baba akainua kidole. Moja.

Reli hii ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, na kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichokuwa kigumu kupita vyote: milima, madaraja, na mahandaki mengi kati ya yale zaidi ya 20 ya reli nzima. Nilijua kwamba baba alifanya kazi huko akiwa kijana wa miaka 19. Sikujua kwamba alikuwa akiyangoja. Aliwasimulia wenzetu gizani, yule mzee na vijana wawili walioamka, jinsi walivyobeba mawe pamoja na Wachina, jinsi walivyokimbia baruti ilipowashwa, jinsi vumbi lilivyokuwa likikaa kooni mpaka Jumapili. Akakatiza habari kila tulipoingia, akainua kidole, akaendelea tulipotoka. Nilifikiria zile hedifoni. Angekuwa nazo masikioni tungepita kote huko, naye hajui.

Tuliporudi alitaka sauti ile iwe kwenye kadi. Sikubisha. Safari iliyofuata nilikaa dirishani na simu mkononi, nikarekodi dakika 6 za mahandaki mawili, nikaipeleka kwa yule kijana, nikamwonya kwamba safari hii besi asiiguse. Jioni moja Tukuyu, mvua imekatika, nikaiwasha mezani mbele ya baba. Akasikiliza yote.

"Hiyo treni iko nje," akasema. "Haijaingia."

Alikuwa sahihi. Kikoni cha spika ndogo namna ile, yaani kile kiwambo kinachotetemeka, hakina nguvu ya kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nzito. Kile kile kilichonifaa behewani ndicho kilichomharibia handaki lake. Nikajaribu juu ya kabati, kisha kwenye pembe ya chumba chini ya ukuta, ikaongezeka kidogo, akatikisa kichwa. Mama akaja na chungu kikubwa cha kupikia maharage, kitupu. Tukakilaza ubavu, tukaiingiza spika mdomoni mwake ikitazama ndani, nikarudisha faili mwanzo.

Baba akaweka kiganja juu ya chungu. Magurudumu yakaja kwa mbali, yakaja, halafu udongo wote ukaanza kunguruma.

"Sasa," akasema, akainua kidole.