Paka wa Lunardi

Nimemaliza kusoma sasa hivi, bado nacheka peke yangu kama chizi.

Vincenzo Lunardi, Mtaliano, alipaa London kwa puto la haidrojeni tarehe 15 Septemba 1784. Mwaka uleule akachapisha simulizi ya safari yake, barua baada ya barua; ndiyo hiyo niliyosoma.

Alipanda na nani? Mbwa, njiwa na paka.
(Na makasia! Eti apige makasia hewani.)

Huko juu baridi ikamzidi paka. Jamaa akashuka North Mymms, kaskazini mwa London, akamwacha paka, kisha huyoo, akapaa tena hadi karibu na mji wa Ware.

Maisha yake yananing'inia kwenye puto la kitambaa cha hariri, yeye anahangaikia paka anayetetemeka!

Hapo ndipo aliponimaliza.

Wenye paka, semeni ukweli: mngeshuka?