Mtungi wa Mbegu Juu ya Pantoni

Nilihamia Gezaulole, ng'ambo ya Kigamboni, mwaka 2003, nikiwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mchanganyiko wa Friesian na zebu, aliyekuja na jina lake la Sikujua kutoka kwa mtu aliyeniuzia. Wakati ule upande wetu ulikuwa bado shamba hasa: minazi, mikorosho, nyumba zilizoachana mbalimbali, na njia ya mchanga ambayo masika yakianza hata baiskeli hushindwa kupita. Kijiji chenyewe kilipangwa enzi za ujamaa, na jina lake kwa Kizaramo maana yake ni "jaribu uone".

Ng'ombe wa maziwa asiyezaa hana maziwa, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Majirani wengi walitegemea dume moja la zebu lililozungushwa zizi kwa zizi kwa malipo kidogo. Nilikuwa nimekwisha kubali zamu yangu, mara ng'ombe wa jirani yangu wa upande wa kusini akatupa mimba ya miezi saba. Damu yake ilipopelekwa maabara, kule Temeke ambako mtaa mzima unaitwa Veterinari kwa sababu hiyo, majibu yakaonyesha ana ugonjwa wa kutupa mimba, ule ambao hata binadamu huupata kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa. Sikujua alipimwa, akakutwa mzima. Tangu siku hiyo sikutaka tena dume la kuzungushwa, hata kama lingeletwa bure, nikaamua kufuata uhimilishaji, yaani kumpandisha ng'ombe kwa mbegu zilizohifadhiwa, bila dume.

Mhimilishaji niliyemfahamu aliishi upande wa mjini. Mbegu zenyewe zilitoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha, zikiwa ndani ya mirija myembamba iliyozamishwa kwenye naitrojeni, gesi iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, ambayo ubaridi wake ni nyuzi 196 chini ya sifuri. Mbegu hazikuwa adimu, na bei yake niliimudu. Adui yangu alikuwa saa. Ng'ombe hupata joto, yaani hali ya kutaka dume, kila baada ya siku 21 hivi, na joto hilo hudumu kwa saa 12 hadi 18 tu. Aliyeonekana asubuhi hupandishwa jioni, na aliyeonekana jioni hupandishwa kesho yake asubuhi. Ndani ya saa hizo mimi nilitakiwa kuliona joto, kutafuta mahali penye mtandao wa simu, kumpata mhimilishaji akiwa na nafasi, naye apange foleni ya pantoni, kisha apande gari la kuja kwetu, zaidi ya kilomita kumi kutoka kivukoni. Mara ya kwanza alifika ute umekwisha kukauka. Mara ya pili hakufika kabisa. Mara ya tatu alifika kwa wakati, akampandisha, na baada ya siku 21 Sikujua akalia tena usiku kucha.

Nililalamika kwamba mbegu ni mbovu. Yule mzee, maana alikuwa mtu mzima kuliko mimi, hakunijibu papo hapo. Alipita nyuma ya ng'ombe, akaweka kiganja juu ya mifupa ya nyonga, akazihesabu mbavu kwa kidole bila kuzitafuta, kisha akainama kwenye kihori na kuokota konzi ya pumba. "Mwanangu," akasema, "mbegu yangu haina neno. Huyu ana njaa."

Nilikasirika, kwa kuwa kihori kilikuwa kimejaa. Lakini kilijaa pumba za mahindi peke yake, pamoja na majani makavu ya pembezoni mwa njia. Hapakuwa na mashudu wala madini, na chumvi niliitoa nilipoikumbuka. Ng'ombe wa namna hiyo hutumia kila anachokula kujishikilia asianguke, na uzazi ndio kitu cha kwanza mwili wake unachokiahirisha. Ndiyo maana naona si sahihi kuzungumzia huduma ya kupandisha bila kuzungumzia pembejeo. Kwetu mambo hayo mawili yalikuja kuuzwa kwenye mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa wa stoo yangu.

Nilianza kwa kwenda Kariakoo kila baada ya wiki mbili na kurudi na mfuko mmoja wa mashudu ya alizeti, mawe mawili ya madini ya kulamba, dawa ya minyoo na dawa ya kuogeshea kupe. Majirani wakaniomba niwachukulie na wao, mwisho nikawa nalipa mkokoteni hadi kivukoni na kuuza kwa faida ndogo ya kufidia nauli. Jambo moja nililikataa tangu mwanzo, nalo liliniletea maneno: sikukubali kumpimia mtu dawa ya kupe kwenye chupa ya soda. Watoto hunywa kilichomo kwenye chupa ya soda, na dawa isiyo na karatasi yake ya maelekezo huchanganywa kwa kukisia, ikawa nyepesi hadi kupe wakaizoea, au kali hadi ikambabua mnyama. Wapo waliosema nimejifanya daktari. Lakini ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, ilikuwa ikiua ndama wetu, na dawa ya kukisia haikuwa imeizuia.

Baada ya miezi mitatu ya mashudu, madini na majani ya tembo niliyoyapanda pembeni mwa kisima, mbavu za Sikujua zilifichika. Hata hivyo joto lake halikuonekana. Hapa nilijifunza jambo ambalo wafugaji wa nyanda za juu hawalijui sana: joto la Dar es Salaam huficha joto la ng'ombe. Mchana, jua likiwa kali, mnyama husimama tu akihema, na dalili anazionyesha usiku au alfajiri. Tena ng'ombe wangu alikuwa peke yake bandani, hana wa kumpanda wala wa kusimama ampande, na hiyo ndiyo dalili isiyodanganya. Nikakubaliana na jirani yangu, mama mmoja mwenye mtamba, tuwe tunawatoa wote wawili uwanjani kwa robo saa, saa kumi na moja alfajiri na tena saa tatu usiku. Nilinunua daftari la shule nikaandika kila kitu: ute mwangavu unaovutika kama uzi wa asali, maziwa kupungua ghafla, kulia bila sababu, kusimama akipandwa. Ukurasa wa kumi na moja ndio uliompatia mimba. Mzee alipotumbukiza mkono baada ya siku 70 na kunitikisia kichwa kwamba ndiyo, nilimchinjia jogoo.

Habari ya mimba hiyo ilileta watu, na watu wakaleta tatizo jipya, kwa sababu mzee mmoja asingeweza kuvuka maji kila anapoitwa. Tulichanga wanne tukanunua mtungi mdogo uliotumika, wa kuhifadhia mbegu ndani ya naitrojeni. Siku ya kuuvusha, ukiwa umetoka kujazwa, nililipia nauli yangu na mzigo. Msimamizi akauliza kuna nini ndani, maana abiria walikuwa wakijitenga na kile kitu kinachofuka moshi mweupe shingoni. Nikamwambia ni madume ya ng'ombe. Akauzunguka mtungi, akautazama tena, akauliza madume mangapi. Nilimjibu ishirini. Watu walicheka mpaka tukafika upande wa pili, lakini nilisimama nje penye hewa na mtungi wangu, si kwa aibu, bali kwa sababu gesi hiyo ikijaa mahali palipofungwa hufukuza hewa ya kupumua.

Kosa lililotuumiza zaidi lilikuwa langu mwenyewe. Naitrojeni hupungua kila siku hata usipoufungua mtungi, na kiasi chake hupimwa kwa kuzamisha kijiti hadi chini, kukitoa, na kuangalia sakitu nyeupe inayoganda juu yake imefika wapi. Nilisafiri kwenda Kisarawe msibani, nikamwachia kijana wangu kazi hiyo bila kumwonyesha kijiti. Alikuwa akifungua, anamulika kwa tochi, anaona moshi, anafunga, na kwa simu ananiambia uko salama. Moshi hutoka hata kimebaki kidole kimoja. Niliporudi tuliujaza bila kuuliza, na mwezi huo ng'ombe watatu walipandishwa. Mmoja baada ya mwingine, kila mmoja siku yake ya 21 ilipowadia, wote walirudi kwenye joto. Mrija wenye mbegu iliyokufa hautofautiani kwa macho na mrija mzima. Mzee aliyeyusha mmoja katika maji ya uvuguvugu, akaweka tone chini ya darubini, akanisogezea nitazame. Hapakuwa na kilichotikisika. Niliwarudishia wale watatu fedha zao, na kijiti nikakifunga kwa kamba kwenye mpini wa mtungi, ambako kipo mpaka leo.

Kilichokuja kututoa kwenye utumwa wa saa hakikuwa mtungi peke yake. Binti wa yule mama jirani alikuwa amemaliza stashahada ya mifugo na kukaa nyumbani bila kazi. Sisi wanne, pamoja na wengine sita walioingia baadaye, tulimchangia nauli na ada akaenda Usa River kusomea uhimilishaji, kwa sharti kwamba akirudi ataishi na kufanya kazi upande wetu. Alirudi. Nilijenga kizuizi cha mbao cha kumbania ng'ombe nyuma ya stoo, akawa anafika kwa baiskeli ndani ya nusu saa. Ana mkono mwepesi kuliko wa yule mzee, ingawa mzee mwenyewe, alipokuja kumtazama akifanya kazi, alikubali jambo hilo kwa shida kidogo.

Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016 mtungi wetu ukaacha kupanda pantoni. Mashamba mengi yamekuwa viwanja, na waliobaki na ng'ombe tunafugia ndani. Daftari sasa ni la saba. Katika ukurasa wa leo lipo jina la mjukuu wa Sikujua, aliyezaa miezi miwili iliyopita na kuonyesha ute kwa mara ya kwanza siku 20 zilizopita. Nimekwisha kumwarifu bibi mifugo wetu asiende mbali kesho, nami nimeweka saa iniamshe saa kumi alfajiri.