Harusi inayofuata maji: kumbukumbu za matayarisho, Mkomani, mji wa Lamu

Mfunguo Nne (Muharram), siku ya 21

Jana wazee wa Faza, kisiwani Pate, walikuja kuposa. Tuliwatarajia saa sita mchana, wakatufikia saa kumi na moja jioni. Boti yao ilikwama Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji baina ya Manda na bara, ambao vyombo vya Pate hupitia. Maji yakijaa, mtu hupita pale bila kupafikiria. Yakipwa, mikoko husimama mizizi nje, na chombo hulalia tope. Wazee saba walikaa juani saa nne nzima, mmoja wao ni wa kutembelea fimbo. Wali wa nazi tuliupasha moto mara mbili, samaki wa kupaka akakauka. Walipoingia dakani kwetu, kwenye baraza la mlangoni, pindo za kanzu zao zilikuwa na tope lililokwisha kuwa gumu, na hapana hata mmoja aliyelalamika. Hilo ndilo lililoniuma. Ami alimshika mkono mkubwa wao akamwambia, "Tuwieni radhi. Siku tumeichagua sisi, maji hatukuyauliza."

Posa imekubaliwa, alhamdulillahi. Mahari, kilemba na mkaja vimeafikiwa bila maneno mengi. Mama miguu inamsumbua na ngazi za nyumba zetu ni kali, kwa hivyo matayarisho nimekabidhiwa mimi. Bi harusi ni mdogo wangu wa mwisho, kitinda mimba wetu. Nataka wageni wa Faza wasikae tena kwenye tope kwa sababu yangu, ndiyo maana nimeanza kuandika kila hatua.

Mfunguo Nne, siku ya 27

Ami alikuwa nahodha kwa zaidi ya miaka 30. Leo baada ya Alasiri aliketi dakani na kipande cha chaki, akanichorea mwezi mzima sakafuni.

Sikujua, na mimi ni mtoto wa hapa, kwamba tarehe ya Kiislamu ndiyo inayokuambia maji. Mwezi unapoandama, na tena unapofika siku ya 15, huwa ni bamvua, maji makubwa: kwetu maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni, yakapwa saa nne, asubuhi na usiku. Kisha kila siku yanachelewa kama dakika 50. Sasa hesabu tarehe 20, siku tuliyowaita wazee. Maji yalijaa saa mbili asubuhi, yakawa yamepwa kabisa saa nane mchana. Sisi tuliwaambia wafike saa sita, maana yake wapite Mkanda wakati maji yanakimbia.

Tukaanza kuhesabu upya, safari hii tukianzia majini. Tarehe 7 au 8 maji hujaa asubuhi, saa nzuri ya safari, lakini hayo ni maji mafu, hayapandi sana, na boti iliyojaa watu na mizigo inaweza kugusa chini. Tarehe 15 yako mengi, ila yanajaa jioni, wageni watashuka gatini Magharibi wamechoka. Tarehe 11 yanajaa kiasi cha saa saba mchana, na ni maji ya kutosha. Watoke Faza saa tano, wapite Mkanda saa saba, saa nane wawe Lamu. Waoge, wale, wapumzike, nikaha iwe baada ya Isha. Kurudi ni Jumamosi, tarehe 13: maji yanajaa saa tisa hivi, wanaondoka hapa wakishaswali Adhuhuri.

Mwezi tumechagua Mfunguo Saba. Mfunguo Sita ni wa Maulidi, mji unajaa wageni wa Msikiti wa Riyadha kutoka kila pwani, hupati chumba wala boti. Halafu mwaka huu Mfunguo Saba unaangukia Septemba, na mwisho wa Septemba kusi huwa inalegea.

Nilimuuliza Ami, je, mwezi ukijificha kwa mawingu, tarehe ikarudi nyuma siku moja? Akasema, "Watu huhitilafiana mwezi umeandama lini. Maji hayahitilafiani." Basi tumeifunga Alhamisi yenyewe. Iitwe tarehe 10 au 11, maji yake ni yale yale.

Mfunguo Tano, siku ya 4

Mdogo wangu amepiga simu kutoka Nairobi. Amekusanya picha za harusi za Shela: mchanga mweupe, vilima nyuma, jahazi limetweka tanga. Anataka kupambwa pale. Nilimwacha aseme mpaka akamaliza, maana ni ndoto yake ya siku nyingi, na Shela kweli ni pazuri.

Kisha nikamuuliza simu za wageni zitakusanywa mlango gani. Kupamba ni usiku wa wanawake. Buibui huvuliwa, nywele huachwa wazi, shangazi ambaye hujamwona akicheka mwaka mzima huinuka akacheza. Yote hayo hutokea kwa sababu kuna mlango na mtu wetu amekaa hapo. Ufukweni mtu yeyote anapita, na ana haki ya kupita.

Tumekubaliana hivi: Ijumaa asubuhi maharusi wawili waende Shela kwa mashua, wapigwe picha zao, warudi kabla ya swala. Usiku, kupamba ni nyumbani kwa Bibi. Hakufurahi sana leo. Nimeandika ili siku moja akisoma ajue kwamba nilimsikiliza.

Mfunguo Tano, siku ya 22

Chokaa. Sina habari nyingine wiki tatu hizi.

Nyumba ya Bibi ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe. Unaingia dakani, unapinda hadi kiwandani, yaani uani, unapanda misana, vyumba virefu vyembamba, na nyuma kabisa ni chumba kiitwacho ndani, penye ukuta wa zidaka, yaani vidaka vya kuwekea vitu. Bibi alinishika mkono akanipeleka hadi pale. "Nyumba hini ina mahala pa bibi arusi tangu ilipoakwa," akasema, yaani tangu ilipojengwa, akapiga kiganja ukutani. Zamani bi harusi aliketishwa hapa, mgongo kwa zidaka, sahani za kauri zimepangwa ndani ya kila kidaka, taa zikiwaka chini. Wageni walioingia kutoka kiwandani walimwona mwisho wa vyumba vyote, kwenye mwanga.

Lakini ukuta ulikuwa unaumwa. Mpangaji mmoja wa miaka ya nyuma aliziba nyufa kwa saruji. Mawe ya matumbawe hunywa maji na chumvi, yakatoa pole pole kupitia chokaa. Saruji inaziba njia hiyo. Unyevu ukarudi nyuma, ukasukuma, na vidaka vitatu vya chini vilianza kumenyuka na nakshi zao. Mji huu wa kale uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na nyumba kama hizi hazishikwi ovyo, kwa hivyo kwanza tulipita ofisi ya Makumbusho kuuliza. Tukaelekezwa fundi anayejua kazi ya chokaa.

Nilikaa naye siku mbili nzima. Saruji aliitoa kwa tindo ndogo, akigonga kama anayevunja yai alilokusudia kulila. Chokaa yake alikuwa ameiroweka wiki nyingi, imekuwa laini kama mtindi mzito. Aliichota kwa mwiko, akaugeuza mwiko juu chini, nayo haikudondoka. "Sasa imeiva," akasema. Alipaka tabaka jembamba, akatundika gunia bichi mbele yake ili lisikauke kwa pupa likapasuka, akangoja, akapaka jingine. Lilipokuwa bado laini alichonga kwa ncha ya kisu, huku akitazama kidaka cha jirani kilichosalimika. Kidaka cha tatu alikirudia mara mbili kwa sababu ua moja lilikuwa na jani lililopungua. Hapana mgeni ambaye angelihesabu jani lile. Nilimpenda kwa hilo.

Chokaa na mchanga vililetwa kwa punda, safari sita. Punda mwenye mzigo huujaza uchochoro wetu wote, na anayekutana naye lazima apande daka la mtu. Nimeipima njia ile ile kwa ajili ya masufuria ya pilau: yatapita, moja moja.

Mfunguo Sita, siku ya 9

Aliyetaka kutukodisha meza za duara nimemrudishia picha zake. Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, kwa kuwa dari limebebwa na boriti za mikoko na upana wa chumba ni urefu wa boriti. Msana nimeupima: mita 2 na nusu kwa 9. Meza moja ya duara na hapana pa kupita. Mkeka wa urefu wote, watu safu mbili, masinia katikati, na chumba kinatosha kana kwamba kimekatwa kwa kipimo hicho.

Hata hivyo wanawake 240 hawaenei. Jirani wa upande wa pili ndiye aliyetuokoa. Baina ya nyumba yake na yetu kuna wikio, chumba kilichovuka juu ya uchochoro, mlango wake umefungwa tangu mimi mdogo. Alileta ufunguo mwenyewe. Tuliusukuma watu watatu, vumbi likatushukia vichwani, tukatokea sebuleni kwake. Usiku wa kupamba wanawake watavuka juu kwa juu bila kushuka njiani.

Mengine ni mepesi. Mchele kilo 30, mpishi ni wa mtaani. Sheikh atakayefungisha nikaha atatuandikia na cheti, kwani sheria ya ndoa ya 2014 inataka kila ndoa isajiliwe, na mdogo wangu atakihitaji.

Mfunguo Sita, siku ya 29

Maulidi yamekwisha, mji umepumua. Somo, kungwi wa bi harusi, ameanza kutengeneza singo ya kumsugua: liwa iliyosagwa, karafuu, mawaridi makavu, marashi. Nyumba nzima inanukia, hata kamba ya nguo.

Nimegombana kidogo na binamu zangu juu ya piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mwilini. Mmoja wao alipakwa kwenye harusi ya mwaka jana, ikawa imechanganywa na rangi nyeusi ya nywele, mkono ukatoka malengelenge yenye umbo la ua lile lile alilochorwa. Alama anazo mpaka leo. Kwa mdogo wangu nimekataa. Ni hina ya majani tu, isiyotiwa chochote ila ndimu na sukari, ikae usiku kucha. Nyekundu inayokoza kuwa kahawia inatosha.

Jioni tulitoka gatini kutazama mwezi. Mawingu. Ami alitabasamu tu.

Mfunguo Saba, siku ya 8

Bi harusi amefika jana, kwa ndege hadi Manda, kisha boti. Alipanda ngazi moja kwa moja hadi ndani bila kuvua viatu, akasimama mbele ya ukuta wa zidaka. Mkono aliupeleka kwenye kidaka cha tatu, akaupitisha kwenye nakshi, hakusema kitu. Bibi alimwambia, "Keti." Akaketi. Bibi akawasha taa akaiweka sakafuni, akarudi nyuma mpaka kiwandani kumtazama kwa mbali, akakaa huko muda mrefu.

Nahodha wa Faza amethibitisha: Alhamisi, kesho kutwa, Mkanda saa saba, boti mbili, watu 46. Asumini nimeagiza za nyumba tano. Zitachumwa Ijumaa alasiri zikiwa bado vichomozo, tutunge vikuba pamoja na rehani na mkadi kabla hazijafunguka, ili zifungukie vifuani mwa watu. Nyuzi ziko tayari. Sindano moja imepotea, nimetuma mtoto Usita wa Mui, njia kuu ya maduka.