Pikipiki ya laki sita na nusu kutoka mwalo wa Igombe

Ninafundisha sayansi katika shule ya msingi iliyo ndani ndani kutoka Kisesa, na nyumbani kwangu ni Igoma, jijini Mwanza. Kwa miaka miwili nilipanda daladala mpaka Kisesa, kisha bodaboda ya 2,000 asubuhi na 2,000 jioni. Mvua zikinyesha bei ilipanda, na siku nyingine dereva alikushusha nusu ya njia kwa sababu ya tope, ukamalizia kwa miguu viatu vikiwa mkononi. Desemba tulipovunja kikoba nikatoka na laki tisa. Pikipiki mpya kwa hela hiyo hakuna. Nikaamua kutafuta kuukuu, na wakati huo nilikuwa sijawahi kushika spana. Leseni ya lena ndiyo kwanza nilikuwa nimeipata, mazoezi nikifanyia uwanja wa shule jioni.

Ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa Buzuruga. Imepakwa rangi mpya, kiti kipya, inang'aa kweli. Binamu yangu, ambaye ni bodaboda, alinifundisha kitu kimoja tu kabla hatujatoka: usiangalie rangi, angalia namba ya chasisi. Iko kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapoingia. Nikainama nikaitazama. Tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zimekaa upande, hazilingani na wenzake, na chuma pale kilikuwa kimesuguliwa. Kijana aliyekuwa akiiuza akasema kadi ya usajili iko kwa kaka yake Geita, nilipe kwanza ataituma. Tukaaga. Hata kama aliyokuwa akiyasema ni kweli, pikipiki ambayo namba yake imeguswa na kadi haipo mkononi si ya kununua kwa bei yoyote, kwa sababu siku polisi wakikusimamisha wewe ndiye mwenye maelezo ya kutoa.

Ya pili ilikuwa ya mzee mmoja Igombe, pale mwaloni mitumbwi ya samaki inapofikia. Alikuwa akibebea samaki kuleta mjini, sasa miguu inamuuma, na pikipiki ilikuwa imesimama miezi mingi chini ya mwembe. Jioni kabla ya kwenda nilimpigia simu nikamwomba asiiwashe mpaka nifike. Injini ikishapashwa moto huficha mengi. Nilipofika nikampa shikamoo, nikaweka kiganja kwenye injini: baridi kabisa. Akatoa kadi kwenye mfuko wa plastiki, jina ni lake mwenyewe. Namba za chasisi na injini zikalingana na kadi.

Kwenye injini, juu ya namba yake, paliandikwa 156FMI. Baadaye nilijifunza maana yake na imenisaidia mara nyingi dukani: 1 ni silinda moja, 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, herufi za mwisho zinaonyesha ni ya pikipiki na ujazo wa cc 125. Pikipiki nyingi za Kichina zenye injini hiyo zimenakiliwa kutoka Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Honda hiyo valvu zake husukumwa na fimbo mbili, haina mnyororo wa ndani wa kuinua valvu, na ilibuniwa makusudi kwa watu wasioifanyia sevisi mara kwa mara. Ndiyo maana spea zake zimejaa kila duka na mafundi wengi wanaifahamu kwa kupapasa tu.

Binamu akapiga kiki, ya tatu ikawaka. Moshi kidogo, haukuwa wa bluu, kwa hiyo haikuwa inachoma oili. Akaizungusha mpaka barabarani akarudi. Shida niliyoiona kwa macho yangu ilikuwa nyuma. Maji ya samaki na barafu yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwenye tenga miaka yote yale yalikuwa yamekula madigadi, shokomzoba, cheni, hata vyuma vinavyoshika tairi la nyuma. Nikalala chini kabisa na bisibisi nikawa nagonga fremu chini ya kiti, sehemu kwa sehemu. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufa na bisibisi inazama. Fremu ililia. Alitaka 750,000, tukaelewana 650,000. Mkataba tukaandikia ofisi ya serikali ya mtaa mbele ya mwenyekiti, mashahidi wawili, kila mmoja na nakala yake. Wiki hiyohiyo mzee akakubali twende wote TRA, mamlaka ya mapato, kubadilisha umiliki, na ninamshukuru sana kwa hilo. Wauzaji wengi hukupa kadi na kupotea.

Matatizo yalianza siku ya tatu.

Inawaka vizuri asubuhi, inatembea kilomita moja, mbili, ukianza kupanda mlima inapungua nguvu, inakohoa, inazima. Ukikaa dakika tano ukapiga kiki, inawaka kama vile haijawahi kuumwa. Siku moja nilikuwa nampelekea shangazi chakula hospitali ya Bugando, na wanaoijua Mwanza wanajua pale ni kupanda tu. Ilizima mara tatu. Nikaisukuma mpaka juu na hotipoti imefungwa nyuma.

Fundi wa kwanza aliisikiliza nusu dakika: "Dada, pistoni na ringi zimekwisha. Lete laki na ishirini, kesho unaichukua." Wa pili akasema ni koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi. Nikanunua koili ya 15,000, ikafungwa, ikazima palepale njiani kwenda Igoma. Nililala vibaya usiku ule. Hela iliyobaki haikutosha kubahatisha tena.

Wa tatu ni mzee mwenye banda la mabati Nyakato. Huyu hakugusa spana. Alinikalisha kwenye kopo la rangi akaniuliza maswali.

"Inazimaje, mwalimu? Ghafla kama umezima swichi, au inakufa polepole?"

"Polepole. Inakohoa kwanza."

"Ukipumzika inawaka?"

"Inawaka."

"Umeme ukikatika, mara nyingi injini inakata kauli mara moja. Hii yako ina njaa. Kabla ya kununua chochote, nenda kaangalie kama inakula."

Maneno yale yalinifungua kichwa, maana ndivyo ninavyowafundisha watoto darasani: ukitaka kujua chanzo, badilisha kitu kimoja, tazama, ndipo uende kingine. Jumamosi nikafanya hivyo uani. Kwanza nikaendesha mfuniko wa tangi ukiwa umelegezwa. Mfuniko una kitundu cha kuingiza hewa, na kikiziba petroli haiteremki vizuri. Ikazima vilevile, kwa hiyo si mfuniko. Kisha nikachomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, nikauelekeza kwenye chupa ya maji ya lita moja, nikafungua koki. Petroli ikatoka kwa nguvu, ikapungua kuwa uzi mwembamba, kabla dakika haijaisha ikawa matone. Chini ya chupa palikuwa na unga wa kahawia. Kutu.

Hapo kila kitu kikaeleweka. Pikipiki ilisimama mwaloni miezi mingi tangi likiwa nusu. Sehemu iliyo tupu hujaa hewa yenye unyevu, usiku baridi ikiingia maji yanajikusanya kwenye chuma, na kutu inaanza. Unapotembea unga wake unafuata petroli na kuziba chujio dogo lililo juu ya koki. Ukisimama, unga unatulia chini, kibakuli cha kabureta kinajaa taratibu, injini inapata tena ya kula. Kwenye tambarare petroli ile kidogo inatosha. Mlimani haitoshi.

Tangi nililisafisha mwenyewe na ilichukua siku tatu. Nilimwaga petroli yote, mbali na jiko la mkaa na watoto wa jirani nikiwa nimewafukuza. Nikatoa koki, nikaziba tundu lake kwa kipande cha mpira na boliti. Nikatia siki mpaka juu na konzi moja ya nati kuukuu nilizopewa na yule mzee wa Nyakato, nikaliacha usiku mbili. Kila nilipopita nalitikisa, nati zikasugua ndani. Siki ni tindikali hafifu, inaila kutu bila kuharibu chuma haraka. Yaliyomwagika yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nikasuuza kwa maji yenye magadi kuua ukali wa siki, nikasuuza tena, nikalianika juani kuanzia saa tatu mpaka alasiri. Mwisho nikasuuza kwa petroli kidogo na palepale nikalijaza mpaka juu, kwa sababu chuma kilichotoka kusafishwa kikikaa kitupu kinashika kutu upya. Kabureta nikaipeleka kwa mzee wa Nyakato, akaifungua mbele yangu, akapuliza jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli, kwa upepo. Halafu akafunga chujio la mafuta la 2,000 kwenye mpira. Siki ilinigharimu 8,000. Yeye alichukua 5,000 tu.

Kazi nyingine zilikuwa za kawaida: oili lita moja, plagi, breki shuu za nyuma, tyubu moja. Seti ya cheni na sproketi mbili, yale magurudumu ya meno yanayoizungusha, nilinunua 32,000, na hapo ninasisitiza kununua vyote vitatu pamoja, kwa sababu cheni mpya juu ya sproketi zilizochongoka inaisha upesi. Nimejifunza kuikaza mwenyewe: ukiisukuma kwa kidole katikati, icheze sentimita mbili hadi tatu, na upime ukiwa umezungusha tairi sehemu kadhaa, maana haichakai sawasawa. Shokomzoba za nyuma bado ni zilezile za mwaloni. Nimezisugua kwa msasa na kuzipaka rangi, na zamu yake itafika.

Jumla, ukiacha ada za kubadilisha umiliki na bima, matengenezo yamekula kama laki moja na nusu, na koili isiyohitajika imo humo.

Mwezi wa tatu nilirudi Bugando, safari hii shangazi akiwa nyuma yangu anakwenda kliniki. Gia ya pili, mpaka getini, haikukohoa hata mara moja.

Jumapili iliyofuata nikaenda Igombe kumsalimia mzee aliyeniuzia. Aliizunguka pikipiki kimya, akashika cheni, akafungua mfuniko wa tangi akachungulia ndani. Akaniuliza nimelisuguaje. Nilipoanza kueleza habari za siki na nati akaninyamazisha kwa mkono, akamwita kijana wake kutoka kwenye mitumbwi aje asikilize tangu mwanzo, kwa sababu na ile yao nyingine inazima mlimani.