Siku Paka Wangu Alipovunjika Ukucha

Paka wangu alinasa ukucha kwenye pazia usiku, na katika kujinasua akauvunja karibu na shina. Asubuhi nilikuta matone ya damu sakafuni, naye amejikunyata chini ya kiti, mguu wa mbele wa kulia ameuinua, hataki kuukanyagia. Kwa hofu nilimvuta nimtazame, akanikwaruza mkono. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa paka mwenye maumivu hujihami hata kwa mtu aliyemzoea. Nilinawa kwa sabuni, nikaketi karibu naye hadi alipotulia, kisha nikamviringisha kwa taulo mwili mzima, nikauacha nje mguu ule mmoja tu.

Ukucha wa paka una ganda gumu la nje lisilo na hisia, na ndani yake mna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu; ndiyo sababu jeraha dogo kama hili hutoka damu nyingi na kuuma sana. Ganda la paka wangu lilikuwa limekwisha kudondoka, kiini chekundu kikabaki wazi. Kama kipande kingekuwa bado kinaning'inia kwenye nyama, nisingethubutu kukivuta, kwani kukiondoa ni kazi ya daktari wa mifugo mwenye dawa ya ganzi.

Nilikandamiza shashi safi juu ya jeraha kwa dakika 5 kamili bila kuchungulia, maana kila unapochungulia unabandua damu iliyoanza kuganda. Ilipoendelea kuchuruzika kidogo, nilipaka wanga wa mahindi kwenye ncha na kukandamiza tena, ikakoma. Kama isingekoma baada ya robo saa hivi, ningempeleka kwa daktari papo hapo.

Baadaye nilisafisha mguu kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kuachwa yawe vuguvugu, kijiko kimoja cha chai katika nusu lita, kisha nikaukausha kwa kuugusagusa tu. Spiriti sikutumia, kwa sababu huchoma na kuharibu nyama inayojaribu kupona. Lakini jambo ninalotaka kila mwenye paka alijue kuliko yote ni hili: usimpe paka dawa za binadamu za kutuliza maumivu. Ini la paka haliwezi kuivunjavunja parasetamoli kama letu, na kidonge kimoja tu chaweza kumuua. Aibuprofeni nayo ni sumu kwake. Huruma ndiyo humsukuma mtu kufungua kabati la dawa, na ndiyo maana nalisisitiza.

Sikufunga bandeji, kwa kuwa ikikaza huzuia damu na ikilowa hulea vijidudu. Badala yake niliondoa mchanga kwenye choo chake, nikaweka vipande vya karatasi visivyoganda kwenye kidonda, na kila alipoanza kujilamba mno nilimvisha kola pana ya shingoni inayomzuia kufikia kidonda kwa ulimi. Nilimsafisha mara mbili kwa siku, huku nikichunguza kama kidole kimevimba, kina joto, kinanuka au kinatoa usaha. Dalili yoyote kati ya hizo, au kuchechemea kusikopungua baada ya siku mbili, ingemaanisha kwamba uwezo wangu umefika mwisho na anahitaji daktari.

Siku ya tatu aliukanyagia mguu. Nilipokuwa nikikagua kucha zake zote 18, niligundua kwamba ule wa upande wa ndani wa mguu wa pili wa mbele, ambao haugusi ardhi na hivyo hausagiki, ulikuwa umeanza kujikunja kuelekea kwenye nyama ya kidole. Nilisubiri kidonda kikauke, nikaketi naye dirishani ambapo mwanga ulinionyesha kiini cha waridi kinaishia wapi, nikaukata ncha tu.