Sinia ishirini za wali wa samli, kwa mtindo wa mwaka 1331

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, aliteremka Mogadishu, kisha akafuata pwani hadi Mombasa na Kilwa. Mombasa alitaja ndizi, samaki, ndimu na zambarau. Ila karamu nzima, chombo kwa chombo, ametuachia ya Mogadishu: wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa kwenye chano kikubwa cha mti, na juu yake kitoweo kilichoitwa kushan, cha kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Bakuli jingine lilikuwa la maziwa ya mgando, pamoja na ndimu za achari, vishada vya pilipili vilivyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Mtu akishameza tonge la wali hufuatisha kitu cha chumvi na siki. Ameandika pia kwamba mtu mmoja wa mji ule hula chakula cha watu kadhaa wa kwao, kwa hiyo anayepima kwa mkono wa birika asijaribu karamu hii.

Kuiandaa kwa watu mia, kazi huanza mwezi mzima kabla, na huanza kwa kufuta. Nyanya hazimo. Wala viazi mbatata, mahindi, muhogo, karanga, korosho, nanasi, papai, boga na pilipili hoho: vyote asili yake ni bara la Amerika, na havikuvuka bahari kabla ya 1492. Chai haimo, na kahawa kama kinywaji tunaanza kuisikia Yemen katika karne ya 15. Karafuu zinaruhusiwa lakini kidogo, maana wakati ule zilitoka visiwa vya Maluku, ng'ambo kabisa ya bahari. Mashamba ya Unguja na Pemba ni ya karne ya 19.

Panapokosewa zaidi ni kwenye pilipili. Msomaji akiona "pilipili katika siki" anakimbilia pilipili mbuzi. Pilipili mbuzi nayo ni ya bara la Amerika. Neno "vishada" linatosha kukuonyesha kinachosemwa: pilipili manga mbichi, ile ya kijani inayoning'inia kwenye mtambaa wake kama shanga. Sokoni huikuti kirahisi, kwa sababu karibu yote hukaushwa. Agiza kwa mkulima wa viungo wa Unguja au wa milima ya Usambara, kilo 2, ikatwe na vikonyo vyake. Ichovye kwenye siki siku ileile iliyokatwa, kwani ikilala wazi inageuka nyeusi na ladha yake ya ubichi inapotea. Siki lita 2, chumvi vijiko 8 vya chakula, chupa za kioo. Wiki tatu zinatosha. Siki ya tembo la mnazi ndiyo inayofaa hapa. Ile nyeupe ya dukani ni kali mno, ichanganye na maji theluthi moja.

Sasa hesabu. Usihesabu vichwa, hesabu sinia. Watu watano kwa sinia moja, watu mia ni sinia 20, na kila ununuzi unazidishwa kwa 20. Mchele gramu 750 kwa sinia, jumla kilo 15. Kuku vipande 6, jumla vipande 120, yaani kuku 15 waliokatwa vipande vinane kila mmoja. Mbuzi gramu 800 pamoja na mifupa, jumla kilo 16. Mbuzi akichinjwa na kuchunwa hubaki karibu nusu ya uzito wake, hivyo nunua wawili wa kilo 17 hivi kila mmoja. Samaki kipande kimoja kwa kila mtu na akiba kidogo: nguru wa kilo 14 wakiwa wazima hutoa vipande kama 110 vya wastani. Ndizi mbichi 120. Maziwa lita 24, kumi za kugandisha na kumi na mbili za ndizi, mbili za dharura. Samli kilo 3. Vitunguu maji kilo 12, na usione ni vingi, maana bila nyanya kitunguu ndicho kinachoupa mchuzi mwili. Thomu kilo 1 na nusu, tangawizi kilo 2, uzile gramu 250, pilipili manga kavu gramu 200, mdalasini gramu 150, iliki gramu 100. Mboga ni mung'unye kilo 8 na bilinganya kilo 4, kwa tui la nazi 12.

Ndimu za achari hutangulia hata pilipili. Wiki nne kabla chukua ndimu 120 zenye ganda jembamba, zioshe, zikaushe kwa kitambaa mpaka zisibaki na tone, kisha zipasue alama ya msalaba bila kuzitenganisha chini. Chumvi gramu 120 kwa kila kilo. Ibane ndani ya mpasuko, panga kwenye chupa, kamulia ndimu nyingine juu hadi maji yazifunike, halafu anika juani mchana na kuziingiza ndani usiku. Zikiota ukungu, karibu kila mara ni sababu mbili: maji yaliingia, au ndimu za juu zilielea nje ya maji yake. Gandamiza kwa kisahani kidogo. Mfuniko wa bati usiutumie, chumvi na tindikali zitautoboa kutu.

Maembe yanategemea mwezi. Karamu ikiangukia Desemba au Januari utayapata mabivu na mabichi. Msafiri wetu alieleza yote mawili: likiiva ni tunda tamu, kabla ya hapo ni kali kama ndimu nalo hutiwa siki. Nje ya msimu, afadhali uliache kuliko kuweka la kopo.

Samli itengenezwe wiki moja kabla. Ichemke polepole mpaka povu litulie, sauti ya kutokota ikome na masimbi ya chini yawe rangi ya dhahabu. Ukiitoa mapema maji yanabaki ndani na itachacha.

Siku mbili kabla, gandisha maziwa: yachemshe, yapoe hadi kidole kivumilie, tia kijiko kimoja cha mtindi kwa kila lita, funika, usitikise. Kwa joto la pwani saa nane hadi kumi zinatosha. Yakizidi hapo yanatoa maji na kuwa makali, na kwa achari zote hizi humhitaji mgeni akunje uso mara mbili. Siku hiyohiyo kata tangawizi changa vipande vyembamba, chumvi na maji ya ndimu. Ikigeuka waridi kidogo, ni sawa.

Siku moja kabla ni ya nyama. Kaanga vitunguu kilo 8 kwa samli mpaka viwe kahawia, saga thomu na tangawizi, tia uzile na pilipili manga, gawa sufuria mbili, moja ya mbuzi, moja ya kuku. Mchuzi hautakuwa mwekundu. Utakuwa kahawia iliyokoza, na uchachu wake utatoka kwenye ukwaju, robo kilo kwa kila sufuria. Mpishi aliyezoea nyanya atanong'ona kwamba kuna kitu kimesahauliwa. Mwache anong'one.

Kinachoharibu karamu nyingi ni usiku unaofuata. Sufuria ya kilo 16 ikifunikwa moto na kuachwa jikoni, katikati yake hubaki vuguvugu mpaka alfajiri, na hapo ndipo nyama inapochacha. Mimina kwenye trei pana, kina kisizidi vidole vitatu, ipoe haraka, kisha iende kwenye friji au masanduku ya barafu. Kesho yake ichemke kweli hadi katikati, si kupashwa tu. Kama huna barafu ya kutosha usijidanganye: chinja na upike alfajiri ya siku yenyewe. Samaki waoshe, uwatie chumvi, ndimu na pilipili manga, uwahifadhi kwenye barafu, uwakaange asubuhi.

Wali haupikwi jana, na wala haupikwi saa kumi na mbili asubuhi kwa ajili ya saa saba mchana. Ukikaa vuguvugu kwa muda mrefu huumiza matumbo, hata kama haujanuka. Uwekwe jikoni muda wa saa mbili na nusu kabla ya kupakua, katika sufuria mbili za kilo 7 na nusu. Ukilazimisha kilo 15 sufuria moja utapata ukoko chini, bokoboko katikati na mchele juu. Kaanga mchele kwa samli gramu 900 kwa kila sufuria, pamoja na mdalasini na iliki, kisha maji ya moto lita 12. Sufuria kubwa hupoteza mvuke kidogo, ndiyo maana kipimo ni pungufu kuliko cha nyumbani. Weka lita moja na nusu ya maji yaliyochemka pembeni kwa ajili ya mchele wa zamani unaokunywa zaidi. Wiki moja kabla jaribu nusu kilo ya mchele uleule ulionunua, maana gunia na gunia hutofautiana. Maji yakikauka, punguza moto wa chini na palia makaa juu ya mfuniko.

Ndizi ndizo zinazotia watu aibu, kwa sababu maziwa hukatika. Utomvu na ukali wa ndizi mbichi ndio unaoyakata. Zimenye mikono ikiwa na mafuta, zitumbukize kwenye maji ya chumvi, zichemshe kwa maji matupu mpaka ziive nusu, mwaga maji yote. Ndipo utie maziwa yaliyokwisha chemka, moto mdogo, na chumvi mwishoni kabisa. Chagua ndizi aina ya bokoboko au mkono wa tembo, zote mbichi za kiwango kimoja. Moja iliyoanza kuiva husambaratika na kuiharibu sufuria.

Kupakua kunataka watu wanne: mmoja wali, mmoja kushan, mmoja samaki na mboga, mmoja mabakuli. Mtu mmoja akipakua sinia 20 peke yake, ya kwanza inapoa kabla ya ya mwisho kujaa. Ndizi na mgando viende kwenye mabakuli madogo pembeni, visimwagiwe juu ya wali. Achari ziwekwe kwa uchache, ndimu mbili zilizokatwakatwa na kishada kimoja cha pilipili kwa kila sinia. Nyingine zibaki chupani, huongeza anayetaka.

Ibn Battuta alipofika alipokewa kwa tambuu, popoo na marashi ya waridi kutoka Dameski. Marashi, chupa mbili ndogo zinatosha mikono mia. Tambuu na popoo wekeni kwenye sahani ya mlangoni kwa ajili ya macho, kwa kuwa kutafuna popoo kunahusishwa na saratani ya kinywa. Cha kunywa ni madafu na maji ya ukwaju yenye asali.